Nani Kasema Nyepesi Haizeeki?

Nimechoka. Nimechoka na watu wanaosoma bei kabla ya kuonja, kisha wanatoa hukumu kwa sauti ya Jaji Mkuu. Wamo Wazungu kati yao na wamo ndugu zangu kabisa. Wote wana wimbo mmoja: divai nyekundu nyepesi ya bei nafuu ni ya kunywewa mwaka huo huo, na ukiiweka unajidanganya. Mimi nasema huo ni uongo, na leo nauvua nguo hadharani.

Msomaji usiyegusa kileo, kwa dini yako au kwa hiari yako, nakuheshimu na sikulazimishi glasi. Ila usiondoke. Kaa usikilize ugomvi wenyewe, huenda unakuhusu kuliko unavyodhani.

Divai ninayoitetea inaitwa Beaujolais. Inatoka kwenye vilima vya kaskazini mwa mji wa Lyon, Ufaransa, mji ninaoishi tangu nilipokuja kusoma mwaka 2012. Wenyeji wana utani wao wa zamani kwamba Lyon inapitiwa na mito mitatu: Rhône, Saône na Beaujolais. Kwenye vijihoteli vya mtaani huletwa mezani ndani ya chupa nene ya kitako kizito, ya sentilita 46, na watu hunywa huku wakibishana mambo ya mpira na siasa. Hakuna anayepiga magoti. Hapo ndipo makosa yanapoanzia: kwa kuwa watu hawaipigii magoti, wengine wakadhani haina kitu.

Mimi niliijua kwa mgongo kabla ya kuijua kwa ulimi. Septemba 2014 nilikwenda kuvuna zabibu upande wa Villié-Morgon, nikitafuta hela ya kodi ya chumba. Mizabibu ya kule, ile ya zamani, ni mifupi na haifungwi kwenye waya. Imekatwa ikakaa kama kikombe kilichofunguliwa juu. Shamba la kizamani huwa na mizabibu kama 10,000 kwa hekta moja. Maana yake unainama asubuhi na unainuka jioni. Huvunwa kwa mkono kwa sababu kichala kinatakiwa kifike kwenye tangi kikiwa kizima. Siku ya tatu nilikuwa natembea kama babu yangu. Siku ya nane mwenye shamba, mzee mmoja mfupi mwenye viganja kama magome, alinipa glasi ya divai yake ya mwaka 2005 akanyamaza kunitazama. Nilionja nikashindwa kusema kitu. Akacheka, akaniambia hiyo nayo ilikuwa ya bei nafuu.

Mwaka 2016 nilirudi kwake nikanunua chupa 6 za mavuno yale yale ya 2014 niliyoyainamia mimi mwenyewe. Morgon, euro 9 kwa chupa. Nikazilaza kwenye stoo ya chini ya ardhi ya jengo letu la Guillotière.

Sasa sikilizeni mashtaka.

Shtaka la kwanza lilitoka dukani. Nilikuwa nimeingia kwenye duka moja la divai hapa mjini, jioni ya kuonjesha wateja, nikamuuliza muuzaji kama chupa zangu ningeziacha mpaka lini. Akatabasamu lile tabasamu la kumhurumia mtoto. Akasema hicho ni kidivai tu, ninywe haraka kabla hakijafa. Halafu akaongeza, kwa upole kabisa, kwamba si watu wa kwetu tunapenda zaidi vitu vitamu? Akanisogezea glasi ya divai tamu ambayo sikuiomba.

Shtaka la pili liliniuma zaidi kwa sababu lilitoka nyumbani. Mwaka 2018 mshikaji wangu kutoka Dar alipita Lyon kikazi. Nikateremka stoo, nikapandisha chupa, nikaifungua kwa heshima zote. Yeye akauliza kwanza bei. Nilipomwambia, akaisukuma glasi kwa kidole. "Euro 9? Mwanangu, umekaa Ulaya miaka yote hii mgeni unampa maji ya kuoshea glasi?" Alitaka nzito, nyeusi, ya chupa yenye mabega na nishani za dhahabu kwenye karatasi yake. Ukweli ni kwamba siku ile hata mimi sikuwa na utetezi. Chupa ile ilikuwa imenuna. Hakuna harufu, hakuna tunda, uchachu tu umekaa mbele kama mlinzi wa geti. Mshikaji akaondoka na ushindi wake, nami nikabaki nazitazama chupa 4 zilizobaki nikiwaza kuzipikia nyama.

Muuzaji wa Lyon na mshikaji wa Dar hawajawahi kukutana, lakini wana ugonjwa mmoja: wanachanganya wepesi na udhaifu, na wanachanganya bei na umri.

Tuanze na ukweli ambao hata mimi siupingi. Ipo Beaujolais ambayo haizeeki. Inaitwa *nouveau*, yaani mpya. Serikali iliruhusu divai hiyo iuzwe mapema kuanzia mwaka 1951, na tangu 1985 hufunguliwa duniani kote Alhamisi ya tatu ya Novemba, wiki chache tu baada ya mavuno. Huchachuka siku chache, ikafungwa, ikasafirishwa kwa ndege, na mabango yakabandikwa. Mfanyabiashara Georges Duboeuf, aliyefariki mwaka 2020, alikuwa fundi mkubwa wa kuitangaza. Ni divai ya sherehe. Inanukia peremende na ndizi mbivu, na kabla mwaka haujageuka inakuwa imeshasema yote iliyokuwa nayo. Ukiilaza miaka 5, kosa ni lako. Wala siilaumu, ngoma ya harusi haipigwi ili ikumbukwe na wajukuu.

Tatizo ni kwamba kelele za Novemba zilifunika vilima vyote. Watu wakasikia jina Beaujolais wakadhani ni kitu kimoja. Si kimoja. Kuna Beaujolais ya kawaida, kuna Beaujolais-Villages, halafu kuna vijiji na vilima 10 vinavyoruhusiwa kuuza kwa majina yao wenyewe: Saint-Amour, Juliénas, Chénas, Moulin-à-Vent, Fleurie, Chiroubles, Morgon, Régnié, Brouilly na Côte de Brouilly. Ya kawaida inywe ndani ya miaka 2 au 3. Chiroubles na Brouilly nyingi hupendeza mapema. Lakini Morgon, Moulin-à-Vent, Chénas na Juliénas, mwaka ukiwa mzuri na mkulima akiwa mwaminifu, huenda miaka 10 na kupita. Na bado nyingi kati yake huuzwa kwa bei ambayo muuza majina makubwa angeona aibu kuitaja.

"Kwa nini inaweza kuishi na ni nyepesi?" Swali zuri. Watu hudhani kinachoilinda divai ni tanini peke yake, ile inayokausha ulimi. Kwa hiyo wakiona divai isiyokausha, wanaichimbia kaburi. Hapana bwana. Uchachu nao unalinda. Wingi wa tunda unalinda. Mzabibu mzee unaozaa vichala vichache kwenye ardhi ya granaiti humimina vyote alivyonavyo ndani ya vichache hivyo. Zabibu ya kule inaitwa gamay. Ngozi yake haina tanini nyingi, na vichala vizima vikiwekwa kwenye tangi, uchachukaji wa kwanza huanzia ndani ya punje zenyewe, katikati ya hewa ya kaboni dayoksaidi. Ndiyo maana tunda linabaki laini. Laini, nimesema, sijasema bovu.

Kisha chupa inalala gizani. Tanini na rangi hushikana taratibu, vikawa vizito, vingine vikazama chini kama mashapo. Ukakasi unapungua. Rangi ya zambarau inageuka kuelekea tofali. Matunda mabichi yanarudi nyuma, harufu nyingine zinasogea mbele. Bibi yangu alivundika ndizi ndani ya shimo na majani, na hakuna aliyemwambia kwamba ndizi kwa kuwa ni rahisi haifai kuvundikwa. Kuvundika ni elimu. Tulikuwa nayo kabla hatujaona chupa ya Mfaransa.

Nawe mwenye mapenzi ya majina makubwa, ngoja nikupe historia ukae nayo. Mwaka 1395 Mtawala wa Bourgogne, Philippe le Hardi, alitoa amri gamay ing'olewe kwenye himaya yake. Akauita mzabibu mbaya, msaliti. Alitaka pinot, ile ya mabwana. Gamay ikapata makazi yake upande wa kusini, kwenye vilima vya granaiti, na huko ndiko ikapata jina. Karne zikapita. Mwaka 1999 wanasayansi wakatangaza matokeo ya kuchunguza vinasaba vya mizabibu ya Ufaransa. Wamekuta nini? Gamay ni mtoto wa pinot, kwa mzazi mwingine wa kishamba aitwaye gouais blanc. Mtawala alimfukuza mtoto wa nyumba ile ile aliyokuwa anailinda! Na wakulima wa Morgon walikuwa wameshaona kwa ulimi kabla ya maabara: divai yao ikizeeka vizuri huanza kufanana na pinot ya Bourgogne, wakaitungia kitenzi kabisa. Husema divai *inamorgoni*. Kijiji kimekuwa kitenzi. Waandishi wenzangu, hilo peke yake si linatosha kuwapa wivu?

Hebu tuje kwenye kuonja, maana wapo watakaosema huyu anapiga domo tu.

Mimina glasi theluthi moja, usijaze kama chai ya msibani. Iinamishe juu ya karatasi nyeupe, tazama ukingo: zambarau ni ujana, tofali ni utu uzima. Nusa kabla hujaitikisa. Kisha izungushe, nusa tena, uone nini kimeongezeka. Chukua funda, vuta hewa kidogo juu yake, lizungushe mpaka kwenye fizi. Meza au tema, halafu nyamaza uhesabu ladha inabaki muda gani. Isiwe ya moto. Nyuzi 14 zinatosha, na kama chumba kina joto, nusu saa kwenye friji si dhambi. Kama chupa ni nzee, isimamishe tangu jana yake ili mashapo yatulie. Kwisha. Hakuna uchawi mwingine.

Kinachobaki ni kusema ulichokipata, na hapo ndipo wengi wetu hutishwa. Tunaambiwa onja useme tunda la kasisi. Mimi sikukua na tunda la kasisi. Nilikua na zambarau, ile inayoacha ulimi umepigwa rangi na fizi zimeshikwa. Nilikua na ukwaju, komamanga, embe bichi la chumvi. Mfaransa ana neno lake la kitaalamu kwa kile ambacho tanini hukifanya mdomoni. Mtoto wa Mtwara aliyekula bibo chini ya mkorosho analo la kwake tangu darasa la kwanza: ukakasi. Neno moja, halina haja ya miwani wala cheti. Tuna uchachu, tuna ukali, tuna uchungu, tuna utamu, na kila mmoja una mlango wake. Anayesema Kiswahili hakiwezi kuonja divai hajawahi kumsikiliza mama muuza matunda akimjibu mteja msumbufu.

Na wale wataalamu wenye maneno mia? Mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux walichapisha jaribio lao. Waliwapa wanafunzi 54 wa elimu ya divai glasi ya divai nyeupe iliyotiwa rangi nyekundu isiyo na ladha. Wanafunzi wakaieleza kwa maneno ya divai nyekundu. Jicho lilikuwa limeshaandika, ulimi ukatia sahihi tu. Sisemi wale vijana ni wajinga. Mimi mwenyewe ningeanguka kwenye mtego ule. Nasema hivi: kama rangi peke yake inaweza kumshika mkono msomi wa Bordeaux, bei itamfanya nini mshikaji wangu wa Dar?

Kwa hiyo nikaamua kumnyang'anya mwonjaji macho yake. Kabla sijafika huko, nakiri jambo lingine, nisije nikaitwa mwongo. Chupa ya tatu, mwaka 2020, ilikuwa mbovu. Kizibo kiliiharibu, ilinuka boksi lililolowa. Niliimwaga kwenye sinki, roho inauma. Yaani katika chupa 3 za mwanzo nilikuwa na moja nzuri ya 2016, changa, imejaa zambarau na komamanga, moja iliyonuna, na moja iliyokufa. Mtu wa takwimu angefunga faili. Anayelaza divai anapaswa kujua haya mapema: divai hupita kipindi cha kununa, na vizibo huua. Ndiyo maana hununui moja. Nunua 6 ukiweza, 3 usipoweza, halafu uzilaze ubavu ili kizibo kisikauke, gizani, mahali pasipotikisika. Stoo yangu ilikuwa nyuzi 13 mwezi wa Januari na 17 mwezi wa Agosti. Si ya kifalme, lakini haikurukaruka. Usiziweke jikoni juu ya kabati, utazipika.

Mwaka 2022 tukakutana kwangu waonjaji watatu na mimi mmiminaji. Dada mmoja wa Mombasa, kaka mmoja wa Lubumbashi, mdogo wetu mmoja wa Bujumbura. Tulichanga tukanunua Bourgogne, pinot, ya mwaka ule ule wa 2014, euro 45. Nikazifunga chupa zote mbili gazeti kuanzia shingoni, nikazipa namba. Morgon yangu ilikuwa na miaka 8.

Sikuwapa karatasi ya maneno. Niliwaambia semeni kwa Kiswahili chenu. Dada akanusa namba 2, akafumba macho, akasema, "Yanikumbusha kabati la nyanya yangu, lile alilowekea mawaridi makavu baina ya nguo." Kaka wa Lubumbashi akasema, "Hii iko na harufu ya pori nyuma ya mvula," na akaanza kutueleza uyoga wa kwao unavyochomoza msimu ukianza, mpaka nikamwambia rudi kwenye glasi. Mdogo wetu alikaa kimya muda mrefu, halafu akasema maneno ambayo nimeyaandika ukutani kwangu: "Ukakasi umelala, haujafa."

Namba 2 ilikuwa ya euro 9.

Msidhani nitawauzia hadithi ya ushindi. Dada alichagua Bourgogne. Alisema ina kina zaidi, na nadhani alisema kweli. Kaka alichagua Morgon. Mdogo wetu alikataa kuchagua, akasema kila moja ina siku yake. Sikuhitaji ishinde. Nilihitaji jambo moja tu, nalo nililipata: hakuna hata mmoja kati yao aliyesema hii ni kidivai. Hakuna aliyesema imekufa. Chini ya gazeti, bei ilikuwa imepoteza sauti.

Sasa mtaniuliza, kaka, kelele zote hizi za nini? Watu wakidharau divai, divai itaumia?

Inaumia, ndiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Beaujolais ilidoda. Divai iliyokosa wanunuzi ikakenekwa kuwa spiriti. Mwaka 2002 jarida moja la Lyon likachapisha maneno ya mwonjaji mmoja aliyeifananisha na kitu kinachopatikana chooni. Wakulima wakaenda mahakamani, wakashinda mwanzoni, na mwaka 2005 mahakama ya juu ikaitengua hukumu ile. Mimi, ingawa nawapenda wakulima, nasema mahakama ya juu ilifanya haki. Aliyeonja ana haki ya kutukana. Jibu la matusi ni chupa. Asiye na haki ni yule anayetukana kwa kusoma bei, na huyo ndiye aliye wengi.

Mwishoni mwa karne iliyopita mizabibu ya Beaujolais ilizidi hekta 20,000. Leo haifiki 15,000. Sababu ni nyingi, sitadanganya kwamba ni dharau peke yake. Lakini mzabibu mzee, uliopandwa na babu wa mtu, ule unaozaa kidogo na kwa hiyo unaozaa vizuri, ndio wa kwanza kung'olewa pale bei inapokataa kupanda. Hauwezi kujilipia. Yule mzee aliyenipa glasi ya 2005 ameshang'oa kipande cha juu cha shamba lake, kile nilichokivuna mimi siku ya kwanza. Alinionyesha nilipokwenda kumsalimia. Pamebaki nyasi. Hakulalamika. Alisema tu kwamba watu walitaka ya bei rahisi, na walipoipata wakaidharau kwa kuwa ni ya bei rahisi.

Wapo waliokataa kuinama. Jules Chauvet, mfanyabiashara wa divai na mwanakemia wa La Chapelle-de-Guinchay, aliyefariki mwaka 1989, alitumia maisha yake kuchunguza jinsi ya kuitengeneza divai hii kwa uaminifu, bila kuificha nyuma ya salfa. Marcel Lapierre wa Villié-Morgon, aliyefariki mwaka 2010, akaifuata njia ile na wenzake wachache: zabibu zilizoiva sawasawa, mikono mingi, haraka kidogo. Hawakuifanya divai yao kuwa nzito ili iheshimiwe. Hawakuitia kwenye mapipa mapya ya mwaloni ili inukie pesa. Waliiacha nyepesi, wakaifanya vizuri. Leo watu wanazitafuta chupa hizo kutoka pande zote za dunia, na bei yake nayo imeanza kukimbia. Hilo nalo ni msiba mwingine, nitauandika siku nyingine.

Vijana wenzangu wa kalamu, nilisema mwanzoni kwamba huenda ugomvi huu unawahusu. Sitawafafanulia sana, ninyi si watoto. Mnajua wenyewe ni mara ngapi mmeambiwa kwamba hadithi fupi si kazi, ni mazoezi. Kwamba kijarida cha kurasa 40 kilichobanwa pini si fasihi. Kwamba mtaandika vitu vyepesi mpaka mtakapokua. Na mnajua pia ni wangapi kati yetu tumekimbilia Alhamisi ya tatu ya Novemba, tukachapisha divai ya wiki 6, tukashangaa Machi imekwisha harufu. Mimi ni mmoja wao. Anayetudharau bila kusoma ana kosa lake, na anayefungua chupa kabla ya wakati ana lake. Mvumilivu hula mbivu, lakini kwanza awe amepanda kitu cha kuivishwa.

Chupa ya tano niliifungua mwaka 2024, peke yangu, na wali na kuku wa kuchoma. Ukingo wake ulikuwa wa tofali. Mawaridi makavu ya nyanya yake dada yalikuwepo. Pori nyuma ya mvua lilikuwepo. Na chini kabisa, nilipokwisha kumeza na kunyamaza, zambarau ilirudi. Ile ile ya 2016, ila sasa inaongea taratibu.

Imebaki moja. Mshikaji wangu wa Dar, najua gazeti hili hukufikia. Njoo. Nitaifunga gazeti shingoni, na safari hii hutaniuliza bei mpaka umeze.